Umekua, binti yangu: jibu kwa mwanafunzi wa uandishi kutoka Masaka

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, kwetu ni Masaka, Uganda, na lugha yangu ya kwanza ni Luganda. Nimemaliza muhula mmoja wa kozi ya uandishi wa Kiswahili, na mhadhiri ametutaka tuandike kurasa nne kueleza tulivyokua kama waandishi. Nimeandika "nimejifunza mengi" mara tatu, nikakwama. Ukweli ni kwamba zamani nilikuwa najaza ukurasa kwa saa moja. Sasa jioni nzima inaisha na aya moja, na hata hiyo naitilia shaka. Je, nimekua au nimerudi nyuma? Na kozi ikiisha, nani atanisahihisha? Nimeambatisha aya ya wiki ya kwanza, rasimu ya katikati na aya ya wiki ya mwisho.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimekaa na karatasi zako siku mbili, na nitatanguliza jibu ili usiendelee kukesha: umekua. Tena ile kasi iliyokupungua, ambayo wewe unaiona kama ugonjwa, ndiyo dalili ya kwanza niliyoiona. Ila najua neno langu peke yake halitakusaidia mbele ya mhadhiri, wala halitakutuliza moyo. Kwa hiyo tuziweke aya zako mezani, tuzitazame pamoja.

Hii ndiyo ya wiki ya kwanza:

"Katika maisha ya mwanadamu kuna mambo mengi yanayoweza kumtia mtu huzuni. Siku moja nyanya yangu, ambaye anauza nyanya sokoni Nyendo, alipata huzuni kubwa sana kwa sababu mvua kubwa ilinyesha ikaharibu bidhaa zake zote. Balabala ilijaa matope na watu walikuwa wanapiga kerere. Mimi nilimlinda hadi saa kumi na mbili jioni. Hakika maisha ni safari ndefu yenye milima na mabonde."

Na hii ni ya wiki ya mwisho:

"Mvua ilipoanza, wenzake walikimbilia vibandani. Jajja alibaki. Alifungua leso kiunoni, akaitandaza juu ya matenga mawili ya nyanya, akazishika pembe zake kwa mikono miwili. Maji yalimtiririka shingoni hadi mgongoni. Mimi nilimngoja chini ya paa la duka la mbolea. 'Nyanya zikilowa haziuziki kesho,' aliniambia kwa huzuni, macho yakiwa barabarani."

Tuanze na ile ya kwanza. Sentensi yake ya kwanza na ya mwisho si zako. Ungeweza kuzikata kwa mkasi ukazishona kwenye insha ya ajali, ya harusi au ya mtihani, na zisikatae. Sote tulifundishwa hivyo shuleni: utangulizi uwe na maneno mazito, hitimisho liwe na funzo, mwalimu aridhike atoe alama. Ndiyo maana ulikuwa unajaza ukurasa kwa saa moja. Nusu ya ukurasa ilikuwa imeshaandikwa na watu wengine kabla hujazaliwa. Sasa kila sentensi unaitafuta mwenyewe, na anayetwanga mwenyewe hawezi kumaliza pamoja na aliyenunua unga dukani. Usiombe ile kasi irudi. Baadaye itakuja nyingine, na itatokana na mazoea ya kuchagua.

Nenda kwenye "nyanya yangu anauza nyanya". Uliniandikia kwamba wenzako walicheka ulipoisoma darasani, ukaona aibu, ukaweka "bibi", kisha baadaye ukaifuta "bibi" ukaweka "jajja". Safari hiyo ya neno moja, kutoka nyanya kwenda bibi hadi jajja, ina thamani kuliko unavyodhani. Ulipoweka "bibi" ulikuwa unakimbia kicheko. Ulipoweka "jajja" ulikuwa umeamua. Humwiti bibi nyumbani, na msomaji wa Kigoma au wa Kisumu ambaye hajawahi kulisikia neno hilo ataelewa kabla ya kumaliza aya kwamba ni mama mzee wa kwenu. Kuna watakaokuambia si Kiswahili sanifu. Mimi ningelibakiza. Muhimu ni kwamba sasa ukiulizwa kwa nini, unacho cha kujibu.

"Balabala" na "kerere" nitazipitia haraka, maana umeshazirekebisha. Ila ujue zilikotoka, kwa sababu kesho utakuwa mwalimu na watoto wa Masaka watakuletea hizo hizo. Katika Luganda, r huja baada ya i na e, na kwingine kote huwa l. Kwa hiyo barabara ikawa balabala, kelele ikawa kerere, kama vile sukari ilivyoingia kwetu ikawa ssukaali. Hukukosea ovyo. Ulifuata sheria barabara, ila ni sheria ya nyumba nyingine. Mwanafunzi akielezwa hivyo hainamishi kichwa, anakuwa na kitu cha kukagua.

Sasa tufike kwenye neno ambalo lingenitosha peke yake kusema kwamba umekua.

Uliandika: "Mimi nilimlinda hadi saa kumi na mbili jioni." Kwa Luganda, okulinda ni kungoja. Mganda akisoma sentensi hiyo anamwona mtoto anayemngoja jajja wake. Mtu wa Tanga akiisoma anamwona mtoto aliyesimama kama askari, anamkinga mzee wake na mvua. Katika rasimu ya katikati, mhadhiri wako hakupiga mstari mwekundu. Aliandika pembeni maneno mawili tu: "Ulimlinda vipi?" Na chini yake, kwa penseli, kwa herufi ndogo sana, wewe ukajibu: "Sikumlinda. Nilikuwa dukani, nangoja mvua iishe."

Hapo nilisimama, binti yangu. Chai yangu ilipoa.

Tazama kilichotokea. Ulikuwa umekwenda kurekebisha kitenzi, ukamkuta mtoto mkavu aliyesimama dukani huku mzee wake analowa. Jambo hilo halikuwemo kabisa katika aya ya kwanza, japo ndilo lililokuwa linakusumbua tangu siku ile. Lilikuwa limejificha nyuma ya neno ambalo kwa bahati mbaya lilikusifu. Aya ya mwisho inasema tu, "Mimi nilimngoja chini ya paa la duka la mbolea." Hukusema unaona haya. Hukusema unajuta. Msomaji anaona mmoja amelowa na mwingine amekauka, na yeye mwenyewe anahisi. Na umetaja duka la mbolea, kwa hiyo anasikia hata harufu.

Mwaka 1980 mtafiti Mmarekani, Nancy Sommers, alichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi 20 wa mwaka wa kwanza chuoni na watu wazima 20 wenye uzoefu wa kuandika, wakiwemo waandishi wa habari, wahariri na wanataaluma. Aliwauliza wanavyopitia upya kazi zao. Wanafunzi wengi waliona kupitia upya ni kubadilisha maneno: hili limerudiwa, lile si zuri, weka jingine. Wenye uzoefu walitafuta kwanza umbo la wanachokisema, maneno yakafuata. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, na kwa kipimo chake wewe umevuka, maana mwanzoni ulirekebisha herufi, mwishoni ukarekebisha ulipokuwa umesimama. Lakini kwetu sisi tunaoandika kwa lugha ya pili au ya tatu naona kuna jambo la kuongeza. Hatuwezi kusema neno ni dogo, umbo ndilo kubwa. Kwako wewe, neno ndilo lililofungua mlango wa umbo. Usingeulizwa juu ya "kulinda", usingefika dukani.

Mfano mwingine, mfupi. Katika rasimu ile ya katikati uliandika "alijifungua leso kiunoni". Kujifungua ni kuzaa. Ukalifuta "ji" mwenyewe, bila kuguswa na mtu. Silabi moja. Mwezi wa kwanza usingeisikia. Sikio lako limeanza kusikia kabla ya jicho la mwalimu kufika, na hiyo ndiyo nusu ya jibu la swali lako la pili, nitakalolifikia.

Niruhusu nikusimulie yangu kidogo, kwa sababu naona unaelekea mahali nilipopotelea. Nyumbani kwetu Kiswahili hakikupendwa. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wa umri wa mama yangu walikisikia zaidi kwa wanajeshi, kwenye vizuizi vya barabarani. Mama alipojua ninakisoma kwa hiari yangu, alininyamazia wiki nzima. Kwa hiyo nilijifunza kwenye vitabu, na karibu vyote vilitoka pwani. Nikaamini kwamba kukua ni kuandika kama mtu aliyezaliwa Lamu. Nilimpelekea mhariri mmoja makala ya kurasa mbili kuhusu ufugaji wa kijijini kwetu. Mlikuwa na methali kumi na moja, nyingi za jahazi na tanga na bahari, na sisi ziwa lenyewe tulikuwa tunalisikia kwa jina tu. Aliirudisha akiwa ameandika chini: "Ng'ombe wako wapi hapa?" Niliumia. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa kwamba alikuwa amenifanyia wema.

Nakusimulia haya kwa sababu wengi wakimaliza kozi kama yako huanza kupamba. Kila aya inapata "ama kweli" na "wahenga walinena", na wanaita hiyo kukomaa. Lugha ya pwani ni hazina, isome, ipende, ihifadhi kichwani. Lakini usipime kukua kwako kwa wingi wa pwani uliyoibeba. Kiswahili kilitajwa katika Katiba yetu kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto watakaokisoma watahitaji kukuta Nyendo ndani yake, na gomesi, lile vazi la kina mama wa kwetu, na matooke yanayofunikwa kwa majani ya mgomba. Nani atawaandikia kama si nyinyi?

Sasa hizo kurasa nne.

Futa "nimejifunza mengi" zote tatu. Haziongopi, lakini haziwezi kuthibitishwa, na mhadhiri anayesoma karatasi sitini amekutana nazo hamsini. Usijaribu kusimulia muhula mzima wiki kwa wiki, itakuwa ratiba. Chukua mahali pawili, labda patatu, usizidishe. Kama ningekuwa wewe, ningefungua kwa sentensi yenyewe, bila kuizungukia: "Katika wiki ya kwanza niliandika kwamba nilimlinda jajja." Kisha mweleze msomaji ulidhani umesema nini, nani alikuuliza nini, ulijibu nini kwa penseli, na sentensi ilivyo leo. Nakili zote mbili neno kwa neno, na makosa yake, hata "balabala". Najua mkono utataka kuisafisha ile ya kwanza ili usionekane mjinga. Uzuie. Ukiisafisha umeharibu ushahidi wako mwenyewe.

Ukishaonyesha palipobadilika, sema unafanya nini sasa ambacho hukuwa unafanya. Hapa wengi hudondoka, maana wanaeleza hisia: "sasa najiamini". Eleza kitendo. "Kila nikiandika kitenzi kinachofanana na cha Luganda, nasimama, najiuliza mtu wa Tanga ataona picha gani." Hicho ni kitendo. Mwenzako anaweza kukijaribu jioni hii hii. Na ile jioni nzima inayoisha na aya moja, iandike pia. Hesabu: saa ngapi zilikwenda kwenye sentensi gani, ulijaribu matoleo mangapi ya ile ya duka la mbolea. Jambo unalolionea haya ndilo lenye ushahidi mwingi kuliko yote uliyoniambia.

Acha nafasi ya usichokiweza bado. Nusu ukurasa. Mimi nikisoma kazi zako naona mazungumzo yanakupa shida: watu wako wanasema sentensi moja halafu wananyamaza, kana kwamba unaogopa wakiendelea watakuponyoka. Sijui kama wewe unaliona hivyo, ukikubali liandike kwa maneno yako, usipokubali andika lile unaloliona. Na shukrani kwa mhadhiri ziwe mstari mmoja au zisiwepo. Ukimnukuu lile swali lake la maneno mawili na kuonyesha lilikufikisha wapi, umeshamshukuru kuliko aya nzima ya sifa.

Kuhusu nani atakusahihisha kozi ikiisha.

Mhadhiri hakukusahihisha, binti yangu, alikuuliza. Makosa uliyafuta wewe. Kwa hiyo unachohitaji kuendelea nacho ni maswali, na mengine unaweza kujiuliza mwenyewe ukijua udhaifu wako uko wapi. Tafuta daftari dogo, ukurasa wa kwanza uandike "kulinda". Kila neno la Luganda linalofanana na la Kiswahili na kukuhadaa liingie humo. Mkazi, kwa mfano: kwetu omukazi ni mwanamke, kwa Waswahili mkazi ni mtu anayeishi mahali, mwanamume au mwanamke. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kitabu chochote nitakachokutajia, maana limeandikwa kwa makosa yako.

Soma kwa sauti. Jirekodi kwa simu, uiache mpaka kesho yake, kisha sikiliza bila karatasi mkononi. Pale ulimi wako ulipojikwaa, au ulipokimbiza maneno ili umalize upesi, ndipo penye kazi. Mimi hufanya hivyo mpaka leo, na mara nyingi hukuta sentensi niliyoipenda kuliko zote ndiyo niliyoikimbiza.

Kisha tafuta msomaji mmoja. Usimtafute anayekupenda sana, wala fundi wa sarufi. Tafuta mwenzako darasani ambaye lugha yake ya kwanza si Luganda, ikiwezekana atoke Gulu, kaskazini, kwa Waacholi. Mganda mwenzako ataisoma "nilimlinda" na kupita bila kujikwaa, kwa sababu sikio lake ni lako. Mwacholi atasimama. Nawe utamfaa pia, kwa sababu Luganda ina ngeli kama Kiswahili, na mdomo wako unajua wenyewe kwamba kitu ni "changu" na vitu ni "vyangu", ilhali Kiacholi si lugha ya Kibantu na yeye analazimika kujifunza kila upatanisho kama hesabu. Mkubaliane aya moja kwa wiki, kila mmoja amwandikie mwenzake maswali mawili na asirekebishe chochote. Mkianza kurekebishana mtageuka walimu, na mmoja wenu ataacha kuleta kazi.

Siku utakapokuwa na darasa lako mwenyewe, pengine huko huko Masaka, mtoto atakuandikia kwamba alimlinda mama yake hospitalini usiku kucha. Kalamu nyekundu itakuwa mkononi. Kumbuka yale maneno mawili.

Limebaki jambo moja katika aya yako ya mwisho. Jajja anasema, "Nyanya zikilowa haziuziki kesho," nawe unaongeza "aliniambia kwa huzuni". Hiyo huzuni imetoka aya ya wiki ya kwanza, kule ulikoitaja mara mbili katika sentensi mbili. Nikimtazama huyo mzee uliyemchora, mikono imeshika leso, maji yanamshuka mgongoni, macho barabarani, sina hakika kwamba ana huzuni. Naona mtu anayepiga hesabu. Huenda nimekosea, wewe ndiye uliyekuwepo. Usiku wa leo yafute maneno hayo mawili, "kwa huzuni", ulale, na asubuhi uisome aya kwa sauti kabla ya kufanya kazi nyingine yoyote. Ukiona jajja amepungukiwa, yarudishe. Kisha niandikie uamuzi wako na sababu yake, uiweke hiyo hiyo kwenye ukurasa wa nne.